Kilo ya Dhahabu, Kilo ya Pamba

Kuna maswali ambayo mwalimu huyatunga kwa ajili ya kujifurahisha mwenyewe. Nikiwa TP Katoro nilitunga moja la aina hiyo, na mpaka leo linanisumbua.

Lilikuwa jaribio la Fizikia, kidato cha pili. Mwishoni nikachomeka swali la mtego: kilo moja ya dhahabu na kilo moja ya pamba, ipi nzito? Toa sababu. Alama mbili. Nilijiona mjanja, maana ukanda ule watu wanavijua vitu vyote viwili: kuna wanaopeleka mawe kwenye karasha na kuna wanaovuna pamba, na mara nyingi ni familia ileile. Mwongozo wangu wa kusahihisha ulisema: zote sawa, kilo ni kilo.

Kijana mmoja akajaza nusu ukurasa. Alianza kwa Kiingereza cha kuungaunga, akachoka, akahamia Kiswahili. Nafupisha alichoandika: kwanza tujue mzani ni wa nani. Kama ni wa mnunuzi wa pamba, pamba itakuwa nyepesi, hiyo haina mjadala. Kama mzani ni wa haki, dhahabu ni nzito kidogo. Mnunuzi wa dhahabu hufunika mzani kwa kioo na kuzima feni, kwa hiyo hewa inaingilia vipimo. Pamba imechukua nafasi kubwa, hivyo hewa inaibeba zaidi, kama maji yanavyombeba mtu. Tukitaka zilingane tukapimie mahali pasipo na hewa, ila mimi na mwalimu tutakufa.

Nilicheka peke yangu ofisini, nikampa sifuri. Kesho yake nikafanya kosa kubwa zaidi: nikalisoma jibu lake mbele ya darasa. Darasa zima, watu tisini na kitu, likaangua kicheko. Yeye akatazama dawati.

Wiki ya mwisho, usiku, kitu kikanisukuma nichukue kalkuleta. Densiti ya dhahabu ni gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, ya nyuzi za pamba ni kama 1.5. Kilo ya dhahabu inachukua nafasi ya mililita 52 tu. Nyuzi za pamba, ukiacha hewa iliyo katikati yake, kama 667. Hewa ya kule juu ina karibu gramu moja kwa lita. Archimedes anasema kila kimoja kinapunguziwa uzito wa hewa kilioisukuma pembeni. Kwa hiyo dhahabu inapungukiwa kama gramu 0.05, pamba zaidi ya 0.6. Upepo wa feni na hewa kubeba kitu ni mambo mawili tofauti, lakini jibu lake lilikuwa sahihi: dhahabu inazidi kwa zaidi ya nusu gramu. Na Katoro nusu gramu ya dhahabu hakuna anayeiita kitu kidogo.

Archimedes wanamsoma kidato cha kwanza. Mimi niliyemfundisha nilimsahau, yeye akamtumia.

Hii nchi tulishapewa somo hili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friji ukiwa wa moto umeganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alipouliza akaambiwa amechanganyikiwa, na baadaye kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu matokeo yale, lakini wanabishana wakilitaja jina lake.

Najua mtanijibu: darasa la watu tisini halisahihishwi kwa falsafa. Ni kweli. Na kuna watahiniwa wanaoandika mistari ya bongo fleva kwenye karatasi ya majibu. Huo si ubunifu. Lakini tofauti inaonekana. Mzaha wa huyu kijana ulikuwa na sababu ndani yake, na swali langu lilisema toa sababu. Mwenye mzaha usio na sababu nilikuwa mimi.

Tangu 2005 mitaala ya sekondari inasema inajenga umahiri. Sisi wa Elimu tunayaandika hayo kwenye madesa, tunayatema kwenye UE, halafu tukipewa kalamu nyekundu tunatafuta maneno yanayofanana na ya mwongozo. Ushauri wangu kwa mnaokwenda TP mwaka huu ni mdogo: usitunge swali la mtego kabla hujalikokotoa mwenyewe, na jibu likikuchekesha, lisome mara ya pili kabla hujaweka alama.

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa lile, nikaandika hesabu yote ubaoni, nikasema nilikosea, nikamrudishia alama zake mbili. Akasema, "Asante, mwalimu." Kisha nikauliza nani ana swali. Wenzake kadhaa walinyoosha mikono. Yeye hakunyoosha, na siku zangu za TP zilikuwa zimebaki mbili.