Kiwavijeshi Kwenye Chanjo, Sisi Kwenye Desa

Muulize mkulima yeyote wa mahindi kuhusu kiwavijeshi vamizi, atakujibu kwa hasira. Ila kwenye maabara za chanjo, seli za mdudu huyo huyo zinalelewa kama yai. Zinaitwa Sf9, asili yake ni ovari za pupa wake, na ndizo zinazotengeneza protini ya chanjo ya Uviko ya Novavax.

Njia yenyewe si uchawi. Bakteria E. koli ni hodari wa kuzalisha protini, ila hawezi kuzibandika sukari kama zinavyofanya seli za wanyama. Basi anapewa kazi nyingine: kutunza jenomu nzima ya bakulovirusi, virusi wa wadudu, kama plazimidi kubwa iitwayo bakmidi. Jeni unayoitaka inahama kutoka plazimidi ndogo na kujipachika humo kwa msaada wa transposoni Tn7. Ikiingia, inavunja lacZ na koloni inakuwa nyeupe. Isipoingia, inabaki ya bluu. Unachukua nyeupe, unatoa DNA, unaiingiza kwenye seli za wadudu, virusi wanazaliwa. Timu ya Verne Luckow ilipochapisha mbinu hii mwaka 1993, kazi ya wiki kadhaa ikawa ya siku 7 hadi 10.

Sasa kwa nini sisi tunaikuta kwenye desa tu? Tunakariri mchoro, tunauchora kwenye UE, aliyesahau mshale anakula sapu, imeisha hiyo. Wakati nusu ya kazi ni E. koli, sahani za aga, antibayotiki na inkubeta ya nyuzi 37! Hata seli za wadudu hazina makuu: zinakua kwenye nyuzi 27 hivi, bila kuongezewa kabonidayoksaidi kama seli za mamalia. Na bakulovirusi hazaliani ndani ya binadamu.

Najua tutaambiwa vitendanishi ni ghali na darasa limejaa. Kweli. Basi tuanze na koloni nyeupe na bluu, kwa makundi. Seli za wadudu zibaki kwa miradi ya mwaka wa mwisho.

Afrika inaagiza takriban asilimia 99 ya chanjo zake, na Umoja wa Afrika unataka ifikapo 2040 tujitengenezee asilimia 60. Viwanda hivyo vitahitaji mikono iliyoshika pipeti. Mchoro wa kukariri haujawahi kumchanja mtu.