Mlima Uliofungiwa Kitabuni

Mwulize mwanafunzi wa Same urefu wa Kilimanjaro, atakujibu bila kusita: meta 5,895. Mwulize urefu wa Shengena, ataangalia dari. Shengena, wenye meta 2,462, ndio mrefu kuliko milima yote ya Upare, na maji yanayojaza ndiva za wajomba zake usiku ili yamwagilie mahindi asubuhi hutoka kwenye msitu wa Chome unaouzunguka.

Wa kulaumiwa ni sisi walimu. Mlima tumeufundisha kwa chaki.

Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba kupanda milima ni mchezo wa Wazungu wasio na kazi. Ajabu! Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kwa miguu hadi Same kuikataa kodi ya mbiru. Je, walikuwa Wazungu? Na mama anayepanda kutoka sokoni na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, naye anacheza?

Mwaka juzi, nikiwa na miaka 73, nilichukua kibali cha kuingia hifadhini nikaenda na mjukuu wangu wa kidato cha tatu. Kijana wa Chome alituongoza. Tuliondoka kijijini alfajiri, baridi ikiuma masikio. Ndani ya msitu njia ilikuwa matope na mizizi. Penye mwinuko mkali niliitupa bakora mbele, nikatambaa kwa mikono kama mbuzi mzee. Mara mbili niliteleza. Kijana alitaka kunishika mkono, nikamkatalia kwa kiburi. Mara ya tatu nikampa mwenyewe. Alituonyesha mashimo ya zamani ya wapasua mbao, na akatunyamazisha tusikilize ndege mdogo mwenye pete nyeupe machoni, ambaye haishi popote duniani ila katika milima hii ya Pare Kusini.

Kileleni tulikuta ukungu mtupu. Tulikula viazi vitamu baridi, tukangoja. Kisha pazia likafunguka. Magharibi, nyika ya Same ilikuwa kahawia, kavu kama ngozi ya ngoma. Mashariki, mabonde ya kijani yalishuka kuelekea Gonja, na mawingu yalikuwa bado yanapanda kutoka upande ule, upande wa bahari. Mjukuu wangu akasimama akitazama huku na huku.

"Kumbe babu, mvua inaishia hapa!"

Swali hilo la upande wa mvua na upande mkavu amelijibu kwenye mitihani tangu shule ya msingi, na amelipata. Siku ile ndiyo alilielewa.

Nilikaa juu ya jiwe, sikuwa na raha. Nilikumbuka barua. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mkuu wa shule, mwalimu kijana wa Jiografia aliniomba ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi wake Shengena. Nilimwandikia kwa wino mwekundu: "Haiwezekani. Mitihani imekaribia." Mitihani ilikuwa baada ya miezi saba.

Wako watakaosema watoto wataumia. Watoto hao hao kila Jumamosi hushuka makorongo kutafuta kuni, na hakuna anayewaandikia barua ya ruhusa. Wengine watasema hakuna fedha. Lakini sijasikia mahafali ya shule yaliyokosa turubai, vipaza sauti na keki. Gari moja la kukodi na viazi vya kuchemsha vinatushindaje?

Niliporudi nyumbani, magoti yakiwa yamevimba, nilimpigia simu mwalimu yule. Siku hizi naye ni mkuu wa shule.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Nikamwomba radhi kwa ile barua. Alicheka sana, alikuwa bado anaikumbuka, hata rangi ya wino.

"Basi mzee wangu," akasema, "mwezi uliopita walimu wangu wameniletea ombi kama lile lile."

Nikamwuliza amewajibu nini. Akaniuliza habari za magoti.