Mwisho Uliotuvunja Moyo

Sisi tuliovipenda visa vya d'Artagnan na wenzake, alivyovianza Alexandre Dumas mwaka 1844, twakiri kwamba kitabu cha mwisho kimetuvunja moyo. Le Vicomte de Bragelonne kilitolewa kidogo kidogo gazetini, mjini Paris, toka 1847 hadi 1850, na urefu wake wachosha. Hilo twalisamehe, sisi wa magazetini twajua jinsi kurasa zinavyodai kujazwa.

Tusilolisamehe ni kifo cha Raoul. Kijana huyu, aliyenyang'anywa mpenzi wake na Mfalme Louis wa 14, anakwenda vitani Jijel, nchini Algeria, apate kufa kwa huzuni. Afrika ni kaburi lake tu. Wenyeji wanaoitetea pwani yao ni vivuli. Kumbe katika vita vya kweli, vya mwaka 1664, Wafaransa walifukuzwa Jijel! Na Dumas aliandika hayo wakati Ufaransa, iliyoivamia Algeria mwaka 1830, ingali ikiwaua watu wake.

Bibi yake mzaa baba alikuwa mtumwa mweusi wa Saint-Domingue. Kwake yeye tulitazamia zaidi. Kifo cha Porthos pangoni tutakisoma tena; cha Raoul, hapana.