Kanisa Limerithi Kiti cha Ukoo, Lirithi na Deni

Zamani katika nchi ya Wakipsigis, jina la mtoto mchanga halikuchaguliwa na wazazi wake. Wanawake wazee walimzunguka wakawataja wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, hadi mtoto apige chafya. Akikawia, alinusishwa ugoro kidogo. Jina lililokuwa midomoni mwa wazee chafya ilipotoka ndilo lililokuwa lake. Desturi hiyo, kurenet, ilikuwa ungamo la imani: mtoto hakuletwa na watu wawili tu, bali amerejea kwa ukoo mzima, na ukoo mzima unadaiwa malezi yake.

Leo Silibwet, mji mdogo wa wakulima wa chai katika kaunti ya Bomet, mtoto wa mchana bado huitwa Kibet au Chebet, na wa jioni Kiplangat au Chelangat. Jina la Biblia hutangulia. Lakini kurenet imefifia, na mahali pake pameketi kanisa. Wakatoliki humbatiza mtoto angali mchanga. Makanisa mengi ya kiinjilisti humweka wakfu mbele ya waumini. Sina ugomvi na mabadiliko hayo. Swali langu ni moja: kanisa lililorithi kiti cha ukoo, limerithi pia deni lake?

Kwa upande wa uhai wa mtoto, jibu ni ndiyo, na ushahidi hauko mbali. Karibu na Silibwet iko hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari katika miaka ya 1930. Kwa muda mrefu iliendeshwa na wauguzi, hadi daktari Ernest Steury alipofika mwaka 1959. Kaulimbiu ya hospitali hiyo inasema wao hutibu, Yesu ndiye huponya. Imani iliyomfundisha mama kuomba ndiyo hiyo hiyo iliyomjengea wodi ya kujifungulia. Anayesema dini ni adui wa tiba hajaiona Tenwek.

Tusisahau pia kwamba mila haikuwa na huruma kwa kila mtoto. Msichana aliyepata mimba kabla ya kupashwa tohara alihesabiwa mkosi, na mtoto wake hakupokewa kama wengine. Injili ilipofika na kusema kila mtoto ni kiumbe cha Mungu, ilileta neno ambalo wengi walikuwa wakilingoja.

Ndiyo maana inauma kuona makanisa yakilisahau neno hilo. Katika makanisa mengi ya kiinjilisti, msichana akipata mimba nje ya ndoa huwekwa chini ya nidhamu. Anaondolewa kwenye kwaya, haruhusiwi kushiriki meza ya Bwana, na mtoto wake hungoja kuwekwa wakfu mpaka mama atubu hadharani. Mwanamume aliyempa mimba, kwa kuwa tumbo lake halitoki, anaendelea kupiga gitaa. Serikali, ambayo hatuihesabu kuwa na moyo laini, iliruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni tangu mwaka 1994. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ikaongeza kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Katika jambo hili, sheria imelitangulia kanisa.

Wachungaji wana hoja yao, na haifai kupuuzwa. Wanasema nidhamu ikilegezwa, ndoa itakosa maana na vijana watazaa ovyo. Lakini nidhamu inayomwangukia mmoja kati ya wawili haiilindi ndoa. Inamfundisha kijana wa kiume kwamba uzazi ni shida ya mwanamke. Somo hilo halikomi kwa wasichana wasioolewa. Nenda kliniki ya watoto siku ya chanjo uwahesabu akina baba. Nenda shambani alfajiri: mara nyingi mama ndiye anayechuma majani chai, mtoto mgongoni au ameachwa kwa kogo, yaani bibi yake. Bonasi ya chai inapolipwa, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, huingia katika akaunti ya mkulima aliyesajiliwa, na mara nyingi huyo ni mume. Mimbari hukumbuka zaka msimu huo. Ni nadra kuuliza kama karo na bima ya afya ya watoto vimelipwa.

Hata mjadala wa fimbo una kasoro hiyo hiyo ya kumsahau baba. Wazazi hutaja kitabu cha Mithali, mawakili hutaja kifungu cha 29 cha Katiba kinachokataza viboko, na kelele zinakuwa nyingi. Mimi nasimama na Katiba. Lakini kwa wengi tatizo kubwa zaidi ni baba ambaye mtoto humwona tu anaporudi kuadhibu. Samaki hukunjwa angali mbichi, naam, ila mkunjaji sharti awe nyumbani.

Wapo wanaotaka dini iachane kabisa na malezi. Sikubaliani nao. Chifu huita baraza mara moja moja. Kanisa hukusanya kijiji kila Jumapili, na neno la mchungaji huingia nyumba ambazo afisa wa watoto hazijui. Nguvu kama hiyo haitupwi. Inatakiwa idaiwe kazi.

Kazi yenyewe si ngumu. Kabla ya kumbatiza mtoto au kumweka wakfu, mchungaji amwite baba kwa jina, awe ameoana na mama wa mtoto au la, amwulize mbele ya watu atalipa nini na atakuwa wapi. Kama baba amekufa au ametoroka, wazee wawili wa kanisa wasimame na kutaja majina yao, ili mama ajue atabisha mlango wa nani mtoto akiugua usiku. Ikiwa hakuna anayesimama, basi mtoto huyo hajapokewa, hata akiombewa saa nzima.