Bati Limekosa Nini?

Pita leo mtaa wowote mpya wa Dar es Salaam, iwe Goba au Madale, utaona nyumba zinazoongezewa ukuta juu ya ukuta. Ukuta huo wa juu haubebi paa wala haumzuii mwizi. Umejengwa kuficha bati, basi. Mwenye nyumba kalinunua kwa fedha yake, litamkinga mvua miaka na miaka, ila analionea haya kama mjomba mshamba aliyefika harusini bila kualikwa. Masika yakiingia, maji yanakwama kwenye mfereji ulio nyuma ya ukuta, yanapenya ndani, dari ya jipsamu inajaa madoa, na fundi anaitwa tena.

Haya hiyo imetokana na imani kwamba uzuri wa nyumba umo kwenye bei ya vitu vilivyoijenga. Marumaru ni nzuri kwa kuwa ni ghali. Kioo cha buluu ni kizuri kwa kuwa benki zinacho. Bati, nondo na tofali la saruji lisilopigwa lipu ni mambo ya godauni na gereji. Imani hii ni ya uongo, tena inatutia hasara.

Litazame bati lenyewe. Karatasi bapa ya chuma, nyembamba kiasi kile, ukiishika ncha mbili inalegea katikati. Ipe migongo, itabeba. Mhandisi Henry Robinson Palmer alipata hataza ya wazo hilo London mwaka 1829, na tangu hapo hakuna aliyehitaji kuliongezea pambo. Migongo inayolipa bati nguvu ndiyo hiyo hiyo inayogawa mwanga wa jioni mistari mistari.

Kama hilo halitoshi, twende kijiji cha Gando, Burkina Faso. Msanifu majengo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho, alikijengea shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001. Kuta ni matofali ya udongo uliotiwa saruji kidogo. Juu yake kuna dari ya matofali yenye mianya, kisha bati. Lakini bati halikulazwa juu ya dari. Limeinuliwa kwa kenchi za nondo, nondo zile zile tunazozizika kwenye zege, zikachomelewa palepale kijijini. Jua likilipiga bati, hewa ya moto inatokea kwenye uwazi ulio chini yake, na joto la darasani linapanda kupitia mianya ya dari kuifuata. Kumbe bati tunalolilaumu kwa kutuoka ndilo linalosaidia kupoza darasa! Paa limetokeza mbali nje ya kuta, linazitia kivuli na kuzikinga mvua, na ukilitazama kutoka uwanjani hulioni uzito. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker. Nazitaja tuzo kwa sababu wapenda marumaru hawaamini jicho lao mpaka waonyeshwe medali.

Nitaambiwa nasifia umaskini, nikaishi kwanza kwenye vibanda vya bati vya Mukuru, Nairobi, ndipo nizungumze. Hoja hiyo naijua. Chumba cha Mukuru kinatesa kwa sababu hakina dirisha wala choo, na aliye ndani anaweza kubomolewa kesho bila kulipwa. Kibandike marumaru sakafu hadi dari, mateso yatabaki palepale. Kulitupia bati lawama hizo ni kumpa nafuu mwenye ardhi.

Na maskini wenyewe hawakuwahi kulidharau. Katikati mwa Kenya, miaka ya 1960 na 1970, akina mama walichangishana shilingi kwa zamu ili kila mmoja wao aondoe nyasi na kuezeka bati. Vikundi vyao viliitwa vikundi vya mabati. Hakuna aliyejenga ukuta kulificha. Lilikuwa la kuonyeshwa.

Wasanifu wetu nao nawalaumu. Kuinua paa wanajua, ila mteja akitaka ukuta wa kuficha wanamchorea na kuchukua chao. Wangemwambia kabla ramani haijapelekwa halmashauri kwamba tofali, nondo na saruji za ukuta ule zinaweza kuhamishiwa kwenye kenchi, bati likapanda juu ya dari na kutokeza mita moja zaidi nje ya kuta, madirisha yakapata kivuli, na feni ikazimwa mchana.