Ampli ya Kuunganisha Nyumbani: Ampuli Kwanza

Wamama, vijana wetu wa Hewa Bora wanaunganisha ampli wenyewe, na tunawasifu. Lakini bafle tunazinunua kwa pesa ya likelemba, na umeme wa volti 220 hauna huruma. Kwa hiyo tuwe na utaratibu.

Ampli mpya isichomekwe moja kwa moja. Fundi wa umeme aifungie ampuli ya zamani ya wati 60, yenye waya ndani, ili umeme uipitie kwanza. Ya LED haifai. Ampuli ikiwaka ghafla kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikibaki inawaka sana, kuna nyaya zinazogusana au transista iliyokufa: tuchomoe.

Kisha, kabla ya kufunga bafle, apime volti za DC pale bafle inapofungwa. Ziwe karibu na sifuri. Zikifika volti kadhaa, bafle inaweza kuungua.

La mwisho, tuwaambie watoto: kuchomoa hakutoshi. Kondansata kubwa zinabaki na umeme ndani. Asiingize mtu kidole mpaka fundi apime na kuona umekwisha.