Likizo ya nje ya nchi ipimwe kwa mtoto mdogo

Kila shule zinapokaribia kufungwa, mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za Mtwara, Mikindani na Msimbati: mara hii watoto tuwapeleke wapi? Wenye uwezo hutaja Dubai au Visiwa vya Komoro. Wengine, ambao kwao nchi ya nje ni ng'ambo ya Mto Ruvuma tu, hutaja Msumbiji, kwa babu, kwa shangazi na kwa wajomba.

Hatumlaumu mzazi mwenye nia hiyo ya pili. Wamakonde na Wamakua wako pande zote mbili za mto, na Wamwani wa pwani ya Cabo Delgado wana lugha iliyo ndugu na Kiswahili. Mpaka wa wakoloni haukukata damu. Kuunga udugu ni amri ya dini yetu, na mtoto asiyewajua jamaa zake amepungukiwa.

Hata hivyo, nia njema haiondoi wajibu wa kuitazama njia. Oktoba 5, 2017 mji wa Mocímboa da Praia ulivamiwa na watu wenye silaha. Oktoba 2020 damu ilimwagika Kitaya, kijiji cha upande wetu wa mto. Machi 24, 2021 ikawa zamu ya Palma, mji ulio jirani na mpaka. Watu wengi mno walikimbia makwao, na amani haijarejea kikamilifu. Tunalo Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010; lakini daraja humvusha mtu mto, halimvushi hatari iliyo mbele yake. Mtu mzima anaweza kusema kwamba ameridhia. Je, mtoto wa miaka mitatu ameulizwa na nani?

Ushauri wetu ni kwamba, kwa sasa, udugu uungwe kwa njia nyingine. Nauli iliyokusudiwa kuwavusha watoto itumike kuwaalika wazee wa ng'ambo wanaoweza kuja kwa usalama na kwa njia halali, wajukuu wawaamkie hapa hapa nyumbani. Wasioweza kuja, wasikose simu wala msaada.

Ama wale wanaotazama mbali zaidi, tunawaomba wasichague nchi kwa hesabu ya majirani watasema nini, bali kwa hali ya aliye mdogo kuliko wote katika msafara. Kwanza, afya. Zipo nchi zinazodai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo kwa kawaida hutolewa kwa mtoto aliyetimiza miezi 9, na cheti huanza kutambuliwa baada ya siku 10. Mzazi aulize mapema masharti ya nchi aendayo. Pili, hati. Kila mtoto, hata anyonyaye, awe na hati yake ya safari. Tatu, majira. Joto la Dubai kuanzia Juni hupita nyuzi 40, na mtoto aliyepelekwa kutembea atashinda chumbani. Na huku kwetu hatujasahau kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, kilichoipiga Cabo Delgado baada ya kupita Komoro.

Nne, uchovu. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 500, na kwa wengi huo ni mwanzo tu wa safari. Mtoto wa mwaka mmoja hajui kama yuko Dubai au Msimbati. Anachojua ni njaa, usingizi na uso wa mama yake. Ikiwa baba amekopa na mama amechoka, hiyo si likizo. Ni adhabu iliyolipiwa nauli.

Ndugu msomaji, hatukatazi safari. Kutembea katika ardhi na kuona viumbe wa Mwenyezi Mungu ni elimu. Tunachosema ni kwamba watoto ni amana, na mwenye amana huulizwa alikoipeleka. Basi tuchague mahali ambapo jibu letu halitatutia haya.

Wabillahi Tawfiq.